Kabla ya kukodi ukumbi ng'ambo, muulize mtu wa Wete

Mwaka mmoja tulifanya mkutano wa siku tatu katika mji mmoja wa Ulaya. Ukumbi ulikuwa na madirisha yanayotazama mto, chakula kilikwishachaguliwa, beji zilikwishachapwa, na kila mtu aliwekewa kalamu yenye nembo. Walikosekana watu watatu tu. Wote watatu walikuwa wa Pemba, na ndio hasa waliokuwa na la kusema, maana mkutano ulihusu kilimo cha mwani na wao ndio wanaoshuka pwani maji yakitoka. Viza zao zilitoka Jumanne. Mkutano ulifunguliwa Jumatatu. Tukakaa siku tatu tukizungumzia wakulima wa mwani mbele ya viti vitatu vitupu vilivyobandikwa majina ya wakulima wa mwani.

Tangu hapo nimeratibu mikutano mingine ya nje, na kila anayeniuliza pa kuanzia hutarajia nimweleze habari za ukumbi, hoteli na ndege. Hizo ndizo sehemu nyepesi. Hoteli yoyote duniani inataka kukukodisha ukumbi. Lakini mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya mkutano wa nje ni pasipoti. Tena si pasipoti ya mwenyekiti, ni ya yule mjumbe ambaye njia yake ni ndefu kuliko za wenzake wote. Kwa mikutano yetu, huyo mara nyingi anatoka Wete, Micheweni au Mkoani, kule Pemba.

Kila mji una mlango wake

Watu wakichagua mji hulinganisha nauli na bei za vyumba. Mimi kwanza huchora jedwali: kushoto majina ya wajumbe na uraia wao, juu miji inayotajwa, na katika kila kisanduku najibu swali moja, huyu atahitaji nini ili aingie pale? Tuchukue mfano wa wajumbe 40: 12 kutoka Zanzibar, wanne kati yao Wapemba, kumi wa Kenya na Uganda, na waliobaki ni wa Ulaya na India.

Tukisema Nairobi, Mtanzania na Mganda wanaingia na pasipoti zao bila viza kwa sababu ni wananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Anayetakiwa kuomba ni mgeni kutoka Ulaya, na Kenya tangu Januari 2024 imeondoa viza ikaweka kibali kinachoombwa kwa mtandao. Maana yake mzigo umehama kutoka kwa mtu atakayepanda meli na boti kwenda kuomba, ukaenda kwa mtu atakayeumaliza kwa simu akiwa kitandani. Kigali nako Mtanzania haombi viza, na Afrika Kusini humruhusu kuingia bila viza kwa ziara isiyozidi siku 90. Kama hakuna sababu nzito ya kwenda mbali, mimi huishia hapa. Wafadhili hununa kidogo, kisha hukubali.

Muscat ina vivutio vyake kwetu. Kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja, chakula hakimtii mtu wasiwasi, na ukipotea sokoni unaweza kuuliza kwa Kiswahili ukaelekezwa kwa Kiswahili. Viza huombwa kwa mtandao. Ila Muscat ina hatari moja ya kifedha ambayo nitaieleza mbele, na hatari hiyo inaitwa mjomba.

Ulaya ndiyo yenye mafundo. Nchi 29 zimeungana katika utaratibu wa Schengen, na viza moja ya muda mfupi huingiza mtu kote humo kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Uingereza na Ireland hazimo, kila moja ina viza yake. Ombi la Schengen hupelekwa katika ubalozi wa nchi ambayo ndiyo hasa unayokwenda, ama kwa kusudi la safari ama kwa wingi wa siku. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mjumbe anaalikwa Brussels siku tatu, kisha anaona kwa kuwa nauli imeshalipwa, bora apitie kwa mpwa wake Uswidi akae siku kumi. Barua ya mwaliko inasema Ubelgiji, siku nyingi ziko Uswidi, na afisa anayesoma faili anajiuliza safari hii ni ya mkutano au ya mpwa. Mwenye mpwa na aseme mapema, iandikwe wazi, ijulikane faili linakwenda ubalozi upi.

Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na itabaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Nchi nyingi nje ya Ulaya hutaka miezi sita, kwa hiyo shika sita usihangaike. Anayelalamika kwamba bima ni unyonyaji akumbuke kuwa tangu Oktoba 2024 hata sisi Zanzibar tunamtoza mgeni wa kigeni dola 44 za bima kabla hajashuka.

Gharama halisi ya viza, lakini, haimo katika hizo euro 90. Balozi ziko Dar es Salaam, na nchi nyingine za Ulaya hazina hata ubalozi huko, ombi hupitia kwa nchi mwenzake au Nairobi. Anayeomba kwa mara ya kwanza lazima aende mwenyewe kuweka alama za vidole. Mtu wa Wete atateremka Mkoani, apande meli ya Unguja, alale, apande boti ya Dar, alale tena, aweke vidole, kisha arudi njia ileile. Siku nne au tano zimekwenda, pamoja na nauli, malazi na kazi aliyoiacha. Na mkono uliofunga mwani miaka ishirini katika maji ya chumvi hausomeki upesi kwenye mashine. Nimewahi kumsubiri mama mmoja wakati mhudumu akijaribu kidole baada ya kidole, yeye anacheka, mimi natoka jasho. Habari njema ni kwamba alama hizo huweza kutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo safari ya pili ndani ya muda huo aghalabu haimtaki azitoe tena. Uingereza haina huruma hiyo, kila ombi ni vidole upya.

Bajeti inayoandika "viza: euro 90 mara 12" imeandikwa na mtu asiyejua Mkoani iko wapi.

Kalenda mbili zinazogombana

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Ubalozi wa Schengen unapokea ombi kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Muda wa kawaida wa kujibu ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika siku 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Hoteli nayo ina kalenda yake: inataka idadi kamili ya wageni mwezi mmoja au miwili kabla, na kadiri siku zinavyosogea ndivyo faini ya kufuta inavyopanda, hadi unafika mahali ukifuta unalipa yote. Yaani hoteli inataka uape ni watu wangapi watakuja, wakati ubalozi haujakwambia ni watu wangapi wataruhusiwa kuja. Hakuna kati yao mwenye makosa. Aliyekaa katikati bila kujua ndiye anayelia.

Dawa yake ni kuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Mkutano uwe Jumatatu ya Septemba 14, 2026. Nataka pasipoti zote ziwe mkononi wiki mbili kabla, yaani Agosti 31. Nirudishe nyuma siku 45 za hali mbaya, nafika Julai 17. Lakini ubalozini hukaribishwi siku unayotaka, unangoja nafasi ya miadi, na msimu wa joto wa Ulaya ndio wenye foleni ndefu kuliko yote. Nitoe wiki sita nyingine, nafika mwanzoni mwa Juni. Kabla ya miadi lazima barua za mwaliko ziwe zimefika, basi mwisho wa Mei. Barua haiandikwi bila namba ya pasipoti, na miongoni mwa wajumbe 12 hawakosi wawili ambao pasipoti zao zimekwisha au hawajawahi kuwa nazo. Kwa hiyo orodha ya majina inafungwa Aprili. Aliyetajwa Julai kwa sababu bosi amemkumbuka ghafla, huyo ni wa mkutano ujao.

Mtumishi wa serikali ana kamba moja zaidi, ruhusa ya kusafiri kutoka kwa wakubwa wake, na barua hiyo huzunguka meza nyingi. Iombwe siku ileile mwaliko unapotoka.

Upande wa hoteli, usisaini mkataba wenye tarehe moja ya mwisho. Omba ngazi. Kwa mfano, hadi siku 60 kabla unaweza kupunguza nusu bila malipo, hadi siku 30 robo, hadi siku 14 sehemu ya kumi, na wakati wote unaruhusiwa kubadilisha jina la mgeni bila ada. Waeleze wazi kuwa wajumbe wako wanangoja viza. Hoteli za miji yenye mikutano mingi zimekwishasikia maneno hayo na hukubali zaidi ya unavyodhani, alimradi uyaseme kabla ya kusaini. Ukishasaini, unaomba sadaka.

Tiketi za ndege hufuata busara hiyohiyo. Ombi la viza linataka uthibitisho wa nafasi ya safari, na balozi zenyewe huwashauri watu wasinunue tiketi kamili kabla ya jibu. Wakala atakushikia nafasi kwa muda. Akikwambia lazima ulipe yote leo, tafuta wakala mwingine. Na angalia unapobadilisha ndege. Viwanja vingine hudai viza hata kwa mtu ambaye hatoki nje ya mlango, na Uingereza ni mojawapo kwa pasipoti yetu. Tiketi ya bei poa inayopitia London inaweza kukugharimu viza ya pili.

Kuna na kalenda ya tatu, ambayo mwenzako wa Ulaya haioni kabisa. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, basi Ramadhani na sikukuu zote huwahi zaidi kila mwaka, na tarehe yenyewe haijulikani hadi mwezi uandame. Iddi isiwekewe mkutano hata siku mbili kila upande. Kwa watu wa pwani kuna pia bamvua, zile siku za mwezi bahari inapojaa na kutoka kupita kawaida, lakini nitalirudia.

Jina la babu limekuwa la ukoo

Hili dogo limekwisha kututoa machozi mara nyingi. Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana ya Kizungu. Una jina lako, la baba yako na la babu yako. Fomu ya ng'ambo inauliza jina la ukoo, na mtu anaandika la babu. Mwenzake anaandika la baba. Wakala wa tiketi anaandika mawili tu kwa sababu nafasi imeisha. Beji inatoka na jina la babu peke yake, bibi anaitwa kwa jina la mwanamume aliyefariki kabla hajazaliwa, na ukumbini hageuki kwa sababu hajui kama anaitwa yeye. Hilo la beji ni la kucheka. La tiketi si la kucheka, maana kaunta ya ndege inalinganisha herufi kwa herufi: Khamis wa pasipoti na Hamisi wa tiketi ni watu wawili.

Kwa hiyo usimwombe mjumbe akuandikie jina lake kwa ujumbe wa simu. Mwombe picha ya ukurasa wa pasipoti, kisha wewe nakili kutoka hapo katika barua, tiketi, bima na hoteli, kwa mpangilio uleule na tahajia ileile, hata kama tahajia yenyewe inakuudhi. Beji peke yake ndiyo umwulize mwenyewe anataka aitweje.

Barua ya mwaliko nayo isiwe ya maua. Afisa wa viza hataki kusoma kuwa ushiriki wa mjumbe utakuwa wa thamani kubwa. Anataka jina kamili, namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia na kutoka, mahali pa kulala, kusudi la mkutano kwa sentensi mbili, na nani analipia kitu gani. Kisha sahihi ya mtu anayepatikana kwa simu, maana simu hiyo hupigwa kweli.

Mjomba wa Muscat na fedha nyingine zinazovuja

Nilisema nitarudi kwa mjomba. Tulikodi vyumba 20 Muscat kwa usiku tatu. Siku ya kuwasili mjumbe wa kwanza akapokelewa uwanjani na mjomba wake, wa pili na dada yake, wa tatu na watu waliotoka naye mtaa mmoja wa Ng'ambo ya Unguja zamani hizo. Kukataa haiwezekani, nani atalala hotelini na ndugu zake wako hapo? Vyumba saba havikuguswa. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachoruhusu idadi kupungua kwa asilimia 10 tu. Asilimia 10 ya 20 ni viwili, kwa hiyo tulibanwa kulipia vyumba 18, na tulivyotumia ni 13. Vitano mara usiku tatu, tukalipia malazi 15 ya hewa tupu. Siku hizi naweka swali katika fomu ya kujiandikisha: una ndugu katika mji huo, na utalala kwake? Watu huona haya kujibu kwa sababu wanadhani ukisema ndiyo posho itakatwa. Waambie mapema kama itakatwa au la, ndipo utapata jibu la kweli.

Bei ya ukumbi hutajwa kwa namna mbili. Unaweza kukodi ukumbi peke yake na kila kitu kingine kikahesabiwa kivyake, au ukapewa bei ya kichwa kwa siku, ambayo inakusanya ukumbi, chai mbili, chakula cha mchana, maji na projekta. Kwa kundi dogo, bei ya kichwa aghalabu ni salama zaidi, maana kikombe kimoja cha kahawa katika hoteli ya Ulaya kinaweza kukutia homa. Uliza kama kodi na huduma zimo. Katika Ghuba na Asia utaona bei imefuatwa na alama mbili za kujumlisha. Hizo maana yake huduma na kodi bado, zinakuja nyuma.

Ukituma arubuni kwa hawala ya benki, fomu itakuuliza nani anabeba makato, na kuna herufi tatutatu za kuchagua: OUR ni wewe mtumaji ubebe yote, SHA mgawane, BEN abebe mpokeaji. Wengi hupita bila kusoma. Sisi tulituma euro 4,000 kwa SHA, benki ya katikati ikamega, zikafika 3,972, na hoteli ikahesabu kuwa hatujalipa. Ukumbi uliachiliwa siku mbili kabla hatujagundua. Chagua OUR, kisha omba hoteli ithibitishe kwa maandishi kuwa imepokea kiasi kamili.

Posho watu huipenda mkononi, na mtunza fedha hubeba ya wote. Ajue kwamba anayeingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi taslimu lazima atangaze forodhani. Posho za watu 12 kwa siku tano hufika hapo bila wewe kuona. Kutangaza hakukatwi kitu. Kinachokamatwa ni kunyamaza.

Saa tatu ya nani?

Mkutano wenye Waswahili na wasio Waswahili una saa mbili ukutani. Ratiba yetu iliandika "saa 3 asubuhi", mtu akaifasiri neno kwa neno, na mjumbe wa India akauliza kwa adabu kama kweli tunaanza alfajiri. Andika 09:00 katika karatasi ya wote, na katika nakala ya Kiswahili weka saa tatu mbele yake. Chunga pia chakula cha jioni. Kwa wazee wetu usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni kwa kalenda ya hoteli. Weka tarehe, usiweke siku peke yake.

Kama baadhi watashiriki kwa mtandao, kumbuka kuwa sisi hatubadili saa, Ulaya hubadili. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha. Majira ya joto tunaitangulia Brussels kwa saa moja, baridi kwa mbili. Kikao cha saa 09:00 za Brussels ambacho Wete kilikuwa saa nne, wiki ya Novemba kinakuwa saa tano, na atakayefungua simu saa nne ataongea na kioo. India wametuzidi saa mbili na nusu, na hiyo nusu husahauliwa na kila mtu.

Sala nayo ni suala la hesabu. Tunaomba mapumziko ya mchana yawe marefu ili watu wasali, tunapewa 12:30 hadi 13:30, tunashukuru. Kisha tunafika Brussels mwezi Septemba na adhuhuri yenyewe inaingia karibu 13:40, mapumziko yameshakwisha! Zanzibar mwezi huohuo inaingia kabla ya saa sita na nusu, ndiyo maana hatukuwaza. Angalia nyakati za sala za mji wenyewe kwa tarehe zenyewe kabla ya kupanga ratiba, na kama kuna Ijumaa ndani yake, tafuta msikiti na muda wa kwenda na kurudi. Siku za mapumziko pia hazifanani: Oman ni Ijumaa na Jumamosi, Imarati tangu 2022 serikali yao hupumzika Jumamosi na Jumapili na nusu ya Ijumaa.

Lugha. Wafadhili hupenda kuokoa fedha kwenye ukalimani, wakisema wajumbe wetu wanajua Kiingereza. Wanakijua cha kuagiza chai. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu 2019. Hakuna aibu ya kukidai katika mkutano wako mwenyewe. Mkalimani wa papo kwa papo hafanyi kazi peke yake, wanakaa wawili na kupokezana kila nusu saa au karibu yake, kwa hiyo bajeti ni ya watu wawili si mmoja. Wapeleke karatasi zote wiki moja kabla, pamoja na orodha ya maneno ya kazi. Mkalimani hodari wa siasa alikwama kwetu kwenye neno "taitai", kile kikamba cha kufungia mwani ambacho kila mtoto wa Paje anakijua.

Embe halipiti

Mizigo nitaipitia haraka. Soketi za Nairobi na Muscat ni kama zetu za pini tatu bapa. Ulaya bara ni mbili za mviringo, Afrika Kusini tatu kubwa za mviringo. Makoti yaazimwe mapema, yapo majumbani kwa waliosoma Urusi.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe hata kama nchi unayokwenda haiidai kwa Mtanzania, kwa sababu nchi nyingi humdai aliyekaa zaidi ya saa 12 katika kiwanja cha nchi yenye maambukizi, na sisi tunapita Addis Ababa na Nairobi kila siku. Chanjo huanza kuhesabika siku kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha.

Zawadi ndizo zinazoleta msiba. Nyama na maziwa haviingii Umoja wa Ulaya kwa begi la msafiri. Matunda yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa aina tano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo kwa upande wao doriani la Machui linapita, likikubaliwa na watu wa ndege, ambao wana pua. Embe halipiti. Nimemwona mjumbe akila maembe matano ya boribo mbele ya meza ya forodha, amesimama, kwa heshima kamili, kwa sababu alikataa kuyatupa.

Na kama viza imekataliwa? Schengen lazima wakupe sababu kwa maandishi katika fomu maalumu, na una haki ya kukata rufaa, ingawa rufaa haitawahi mkutano wako. Sababu hizo zihifadhiwe, kwani ombi lijalo hujibu hoja hizohizo. Kiti cha mtandao kiandaliwe kwa kila mjumbe tangu siku ya kwanza, pamoja na pesa ya bando na mahali penye intaneti ya uhakika, si siku viza inapogoma.

Bamvua je? Ile Septemba 14 niliyoihesabia juu ni tarehe ya kweli tuliyokuwa tukiifikiria. Safari hii nilipiga simu Wete kabla ya kuandikia hoteli yoyote. Mama mmoja mkulima wa mwani akanisikiliza hadi mwisho, habari za Brussels, za vidole, za barua, kisha akauliza, "Mwezi unaandama lini, mwanangu?" Nikafungua kalenda. Mwezi mpya Septemba 11. "Basi kumi na nne bado ni bamvua, sote tuko baharini. Sogeza wiki." Nikafuta Septemba 14, nikaandika 21, nikaanza tena kuhesabu kurudi nyuma.